Jalada liko kwa nani? Mahakama za kushindana na mahakama za kuchunguza

Haya ni maongezi niliyotoa mbele ya wanafunzi wa sheria na watu wengine waliokuja kusikiliza. Nimeyaandika karibu vilevile nilivyoyasema, nimepunguza tu pale nilipojirudia.

Ndugu zangu habari za jioni. Mliosimama pale mlangoni sogeeni jamani, viti bado vipo huku mbele, hakuna atakayeulizwa swali.

Mada ya leo watu wengi wanaijua kwa jina. Utasikia kuna mfumo wa Mwingereza na mfumo wa Mfaransa, huku mawakili wanapambana, kule jaji anachunguza mwenyewe, na baada ya hapo ni ubishi tu wa upi bora, ubishi ambao hauishi kwa sababu kila mtu anachukua mfumo wake siku ukiwa mzuri anaulinganisha na wa mwenzake siku ukiwa umeharibika. Mimi naomba leo tuichukue yote miwili siku imeharibika. Mtu asiye na hatia akifungwa kuna mahali kosa lilizaliwa, kuna karatasi ilipita mkononi mwa mtu fulani na huyo mtu hakuitilia shaka, na mahali penyewe panatofautiana kabisa kati ya mfumo huu na ule.

Tuelewane kwanza vitu vyenyewe. Kwenye mfumo wa kushindana kuna pande mbili, kila upande unajitafutia ushahidi, unaleta mashahidi wake, unawadodosa wa upande wa pili, na jaji ni kama refa, anaangalia kanuni zisivunjwe, mwisho yeye au juri (raia wa kawaida walioapishwa) wanasema nani kashinda. Hapa mshtakiwa akisimama akasema ndiyo nimekosa, kesi imeisha, kinachobaki ni adhabu. Kwenye mfumo wa kuchunguza dola yenyewe ndiyo imebebeshwa kazi ya kutafuta ukweli, wa kumfunga mshtakiwa na wa kumwokoa, kila kitu kinaingia kwenye jalada moja, maelezo ya mashahidi, ripoti za wataalamu, mpaka habari za utotoni mwa mshtakiwa, na siku ya kesi jaji kiongozi anakuwa ameshalisoma jalada lote na yeye ndiye anaanza kuuliza, mawakili wanafuata nyuma. Huku kukiri kwako ni ushahidi mmoja kati ya mwingi, jaji anaweza akakwambia asante, sasa ngoja tuone kama ni kweli. Wa kwanza uko Uingereza, Marekani na nchi nyingi alizotawala Mwingereza, wa pili uko Ufaransa, Ujerumani na sehemu kubwa ya bara la Ulaya, pamoja na nchi zilizotawaliwa na Mfaransa, Mbelgiji na Mreno. Hayo ndiyo ya kitabuni. Kwa vitendo hakuna nchi hata moja ambayo ni safi upande mmoja, tutafika huko.

Sasa ilikuwaje wakaachana njia? Zamani Ulaya mtu akishukiwa na ushahidi haupo walikuwa na njia ya mkato, anashikishwa chuma cha moto, padri anabariki, mkono unafungwa kitambaa, baada ya siku tatu unafunguliwa, kidonda kikionekana kinapona basi Mungu amesema huyu hana kosa. Mwaka 1215 Papa Innocent III akaitisha mtaguso, yaani mkutano mkuu wa viongozi wa Kanisa, Roma pale Laterano, na mojawapo ya maamuzi yake ilikuwa kuwakataza mapadri kushiriki hayo mambo. Padri akishatoka, shughuli nzima imekosa maana. Lakini wezi bado wapo na wauaji bado wapo, nani aamue?

Waingereza wakajibu kwa juri, raia wa eneo lile waseme. Bara la Ulaya wakajibu kwa majaji wasomi, wakawapa na kanuni kali sana za ushahidi, kosa kubwa linahitaji mashahidi wawili walioona kwa macho au mshtakiwa akiri mwenyewe. Kanuni nzuri kweli kwenye karatasi. Ila nani anaua mtu mbele ya mashahidi wawili? Kwa hiyo ikabaki kukiri, na kukiri kukakosekana wakaanza kulazimisha watu wakiri kwa mateso, tena mateso ya kisheria kabisa, yenye utaratibu na karani anaandika pembeni. Ufaransa walianza kuyafuta 1780, miaka michache kabla ya mapinduzi yao. Na asije mtu akaniambia Mwingereza alizaliwa mpole, kwake mshtakiwa aliyekataa kujibu kama ana hatia au hana alikuwa analazwa chini anawekewa mawe na vyuma kifuani mpaka ajibu au afe, hilo lilifutwa 1772.

Na hapa kuna jambo wengi hawalijui. Huu mfumo wa mawakili kupambana, ambao watu wanauongelea kana kwamba uliletwa na Nuhu kwenye safina, ni wa juzi. Mwanzoni mwa karne ya 18 mtu aliyeshtakiwa London kwa mauaji au wizi mkubwa alikuwa hana ruhusa ya wakili wa kumtetea, isipokuwa kwenye hoja ya sheria tupu. Aliyekuwa anawahoji mashahidi ni jaji, na sababu iliyotolewa ni kwamba eti jaji ndiye wakili wa mshtakiwa. Kesi ya kumnyonga mtu mara nyingi ilikwisha ndani ya nusu saa. Washtakiwa wa uhaini walipewa haki ya wakili 1696, miaka ya 1730 majaji wakaanza kulegeza kidogo kidogo mawakili wawadodose mashahidi kwenye kesi nyingine, sheria ya 1836 ndiyo ikampa mshtakiwa wakili kamili anayeweza kuongea na juri, na ikafika 1898 ndipo mshtakiwa kwa ujumla akaruhusiwa kupanda kizimbani kutoa ushahidi wake mwenyewe chini ya kiapo. Yaani kabla ya hapo angekaa pale anaangalia maisha yake yanaamuliwa, na kiapo hapewi.

Lakini ulipokomaa ulikomaa kwelikweli. Mwaka 1957 Uingereza kuna kesi ya madai, mchimba makaa ya mawe kaangukiwa na paa la mgodi akafa, mjane wake anadai fidia. Jaji wa kesi alikuwa mtu mwenye nia njema, anataka kuelewa, basi anauliza, anauliza, shahidi akijibu wakili anaongeza neno jaji kashauliza tena, mpaka wakili anakosa pa kuingilia. Mjane kashindwa. Kwenye rufaa pande zote mbili, sikieni, pande zote mbili, zikalalamika kwamba jaji aliuliza maswali mengi mno. Mahakama ya rufaa, hukumu ikisomwa na Lord Denning, ikaamuru kesi ianze upya. Hakuna aliyesema jaji alikula rushwa wala alipendelea mtu, kosa lake ni kwamba aliingia uwanjani. Mwambie jaji wa Kijerumani hiyo habari atakushangaa, maana sheria ya mwenendo wa jinai kwao inaitaka mahakama yenyewe, bila kungoja kuombwa, itafute ushahidi wote unaohusika. Kule jaji akikaa kimya akaacha swali la maana halijaulizwa ndipo hukumu yake inapotenguliwa.

Basi tuje kwenye siku iliyoharibika. Marekani, jimbo la Florida, 1961. Clarence Earl Gideon, mtu wa makamo, maskini, ameshafungwa mara kadhaa huko nyuma, anashtakiwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool na kuiba chenji za kwenye mashine na vinywaji. Mahakamani akaomba wakili. Jaji akamjibu kwamba kwa sheria za Florida anaweza kumpangia mtu wakili kama tu anashtakiwa kosa la adhabu ya kifo. Gideon akajitetea mwenyewe, akajitahidi hasa, akauliza maswali, ila hakujua aulize nini. Miaka mitano. Akiwa jela akaandika kwa penseli kwenda Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1963 majaji wote tisa wakakubaliana kwamba mtu wa namna ile lazima apewe wakili. Kesi ikarudi ikasikilizwa upya.

Hapo ndipo pa kuangalia. Shtaka lilelile, ushahidi wa msingi uleule. Dereva teksi aliyembeba Gideon asubuhi ile alisema Gideon alimwambia asimwambie mtu kwamba amembeba. Kwa juri hiyo inasikika vibaya sana, nani asiyeelewa? Wakili akauliza, je, alishawahi kukwambia hivyo siku nyingine? Dereva akasema ndiyo, kila nikimbeba, kwa sababu ya ugomvi na mkewe. Basi. Swali moja, na neno lililokuwa linamfunga likawa neno la mtu anayemkwepa mke. Juri walitoka kama saa moja wakarudi na jibu, hana hatia. Kati ya miaka mitano jela na kurudi nyumbani kilichoongezeka ni mtu mmoja aliyejua kuuliza na aliyepata muda wa kuzunguka mjini kabla ya kesi.

Kwa hiyo kosa la mfumo wa kushindana linazaliwa pale pande mbili zisipolingana. Mfumo unajengwa juu ya imani kwamba kila upande utafukua kinachoumiza upande wa pili, sasa kama upande mmoja hauna jembe, jaji naye kakatazwa kufukua, nani anafukua? Hakuna. Ukweli unabaki ardhini na kila mtu mahakamani amefanya kazi yake sawasawa kabisa, hilo ndilo linaniudhi.

Na kuna kubaya zaidi, kesi nyingi hata hazifiki huko kwenye kudodosana. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitaja mwaka 2012 kwamba asilimia 97 ya wanaotiwa hatiani kwenye mahakama za shirikisho, na 94 kwenye za majimbo, wamekiri wenyewe, wengi kwa makubaliano na mwendesha mashtaka. Kuna kesi ya 1978 kutoka Kentucky, jamaa kashtakiwa kwa hundi ya kughushi ya dola 88 na senti 30. Mwendesha mashtaka akamwambia kiri nikuombee miaka mitano, ukikataa nakufungulia shtaka la mhalifu sugu. Jamaa akakataa, akataka kesi yake isikilizwe kama haki yake inavyosema. Akapata kifungo cha maisha, na Mahakama ya Juu kwa kura 5 kwa 4 ikaona sawa. Hapo huo ushindani uko wapi? Hiyo ni biashara, na bei anapanga mmoja.

Najua kuna watu hapa wameshaanza kutabasamu, wanasema si bora jaji achunguze mwenyewe. Haya twende Ufaransa.

Kule kwa makosa makubwa kuna jaji mpelelezi, ni jaji kamili, anaongoza polisi, anawahoji mashahidi, anateua wataalamu kutoka orodha ya mahakama, na sheria inamtaka atafute ya kumtia hatiani mshukiwa na ya kumsafisha kwa uzito uleule. Uzuri wake upo wala siubezi. Mtuhumiwa maskini hahitaji pesa ya kumlipa daktari wa kupinga daktari, mtaalamu ni wa mahakama. Marekani mtaalamu analipwa na upande uliomwita, na tusidanganyane, hakuna wakili anayemwita mtaalamu wa kuja kumwangusha.

Mwaka 2001 huko Outreau, mji mdogo kaskazini, ukaanza upelelezi wa ukatili dhidi ya watoto. Makosa yalikuwepo kweli, kuna waliokiri na wakafungwa. Lakini mama mmoja kati ya waliokiri akaanza kutaja watu, na watu wakaongezeka, na jaji mpelelezi alikuwa kijana kwenye kituo chake cha kwanza cha kazi. Waliokana waliwekwa mahabusu, wengine kwa karibu miaka mitatu, mmoja akafia humo ndani kabla ya kesi. Na msidhani ni mtu mmoja tu alikosea. Sheria ya mwaka 2000 ilikuwa imeshamnyang'anya jaji mpelelezi mamlaka ya kumweka mtu ndani, akawekwa jaji mwingine wa kuamua hilo. Juu yao kuna chombo cha rufaa cha kukagua upelelezi. Waendesha mashtaka nao wapo. Wote walipita pale, na wote walichokuwa wanasoma ni jalada lilelile moja, lililoandikwa na mkono uleule, maswali yaliyochaguliwa na mtu aliyeshaanza kuamini. Jalada likishakuwa nene linaonekana kweli kwa unene wake tu.

Lilipasukia wapi? Mahakamani, mdomoni. Kesi ya 2004 mama yule akiwa mbele ya watu na mawakili wanamkaba akasema wale wengine hawakufanya kitu, halafu akageuka tena akarudi kwenye maneno yake ya mwanzo. Saba wakaachiwa, wengine wakatiwa hatiani. Sita wakakata rufaa Paris, na mwishoni mwa 2005 baada ya yeye kukubali wazi kwamba alidanganya wote sita wakaachiwa huru. Jumla 13. Bunge likaunda tume, watu wakaangalia kwenye televisheni jaji kijana anahojiwa, sheria ya 2007 ikasema majaji wapelelezi wafanye kazi watatu watatu, ikaahirishwa na kuahirishwa. Rais Sarkozy mwaka 2009 akatangaza kumfuta kabisa jaji mpelelezi, haikufanyika, na mimi naona heri haikufanyika, maana mpango ulikuwa kazi ile aende kuifanya mwendesha mashtaka ambaye kule yuko chini ya waziri.

Kwa hiyo mnaona ilivyo kichekesho. Gideon aliokolewa na mtu aliyekwenda kuchunguza, watu wa Outreau wakaokolewa na mtu kudodoswa hadharani. Kila mfumo uliokolewa na kile ambacho mwenzake anajisifia.

Na nchi zenyewe zimeona. Uingereza baada ya wale Birmingham Six kuachiwa 1991, watu waliokaa ndani miaka 16 kwa mabomu ambayo hawakutega, iliundwa tume, ikaulizwa kama wahamie kwenye kuchunguza, tume ikasema hapana mwaka 1993, lakini sheria ya 1996 na kanuni zake zikaja zikawabebesha polisi wafuatilie kila njia ya maana, inayoelekea kwa mshukiwa na inayoelekea mbali naye. Hiyo si lugha ya Kifaransa kabisa? Ujerumani wao walimfuta jaji mpelelezi tangu 1975, na 2009 wakaingiza kwenye sheria makubaliano na mshtakiwa, ingawa mahakama yao ya katiba 2013 ikasisitiza kukiri peke yake hakutoshi, lazima mahakama ihakiki kama ni kweli. Chile walianza kubadilisha mwaka 2000 mkoa kwa mkoa mpaka wakamalizia Santiago 2005, kwa utulivu, wanajenga ofisi za mawakili wa utetezi wa umma sambamba na mahakama mpya, na hilo la mawakili wa umma ndilo watu wanaokwenda kuiga husahau kuliweka kwenye bajeti.

Italia ndio walioruka mzimamzima. Sheria mpya 1989, jaji mpelelezi kwaheri, sasa ni kushindana. 1992 mahakama ya katiba ikaanza kuyarudisha maelezo ya jalada kwenye kesi kupitia dirishani, kwa hoja kwamba mahakama haiwezi kufumba macho isione ukweli ulioandikwa. Wabunge wakakasirika, 1999 wakaibadilisha katiba yenyewe, wakaandika kwamba ushahidi unatengenezwa mbele ya pande zote mbili. Miaka kumi ya kuvutana. Majaji waliolelewa kwenye jalada huwezi kuwabadilisha kwa tangazo la gazeti la serikali, wataenda tu kulitafuta jalada lilipofichwa.

Mtu alinitumia swali kabla ya leo, anauliza kama mifumo hii inaweza kukaa chumba kimoja. Inakaa, iko The Hague, na inagombana mpaka kwenye vitu vidogo. Mkataba wa Roma, ulioiunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), unamtaka mwendesha mashtaka wake achunguze ya kutia hatiani na ya kusafisha kwa usawa, hiyo ni bara. Waathirika wana mawakili wao ndani ya kesi ya jinai, hiyo nayo bara. Mashahidi wanadodoswa na upande wa pili, hiyo Mwingereza. Halafu likaja hili, wakili anaruhusiwa kukaa na shahidi wake kabla ya ushahidi wapitie atakayoyasema? Mmarekani atakwambia usipomwandaa shahidi umemtelekeza mteja wako. Mjerumani atakwambia ukimgusa umeshamharibu. Mwingereza mwenyewe yuko katikati, shahidi muoneshe chumba na utaratibu, majibu usimfundishe. Kesi ya Lubanga, yule kiongozi wa waasi wa Kongo, 2006 na tena 2007, majaji wakakataa. Januari 2013 kwenye kesi za Kenya majaji wengine wa mahakama hiyohiyo, wakiwa na mkataba uleule mezani, wakaruhusu, kwa masharti na mikutano irekodiwe video. Nikiulizwa mimi ningekuwa na hao wa 2013, kwa sababu shahidi aliyetoa maelezo miaka mitano nyuma akipanda kizimbani bila kuandaliwa anachanganya tarehe bila kudanganya, na ile video inampa wakili wa upande wa pili kitu cha kushika akidhani mtu amefundishwa. Ila nawaonya, nikimweleza hivyo rafiki yangu mmoja aliyesomea sheria ya Kifaransa huwa anasimama kabisa kwenye kiti.

Haya, maswali. Dada mwenye daftari pale nyuma ulianza kunyoosha mkono tangu tuko 1215.